Moshi wa Chombo Kitupu

Juzi nikitoka kununua mkate hapa Wabera, mtaa wetu mjini Isiolo, nilipita nyuma ya nyumba ambapo mama mmoja alikuwa akifukiza chombo cha maziwa. Sikujua bado kuna mtu anafanya hivyo mjini. Nilisimama kando ya ukuta nikivuta tu ile harufu, mpaka mtu wa boda akanipigia honi: "Siste, barabara si ya kulala!" Nikaona haya, nikatembea haraka. Lakini kwa mawazo nilikuwa nimesharudi Kinna, kijijini kwetu, kwa akoo, mama yake baba yangu, ule mwaka mvua ilitukataa.

Kama hujakaa na watu wa ng'ombe, ngoja nikueleze. Kwetu Waborana maziwa hayatiwi kwa chombo hivi hivi. Kuna chicho, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kimebana hata tone halipiti. Kabla ya kukamua, mwanamke anachukua vijiti vya mti fulani vinavyowaka, anavitia ndani, anafunika, anatikisa, na moshi unabaki umelala mle. Maziwa yakiingia yanakuwa matamu kwa namna ambayo siwezi kuandika. Kwa hivyo ukisikia moshi ule kwa jirani, unajua kuna maziwa. Hakuna haja ya kuuliza.

Mwaka ule baba aliondoka na ng'ombe wetu wote kufuata majani mbali. Mwanzoni alikuwa akipiga simu. Halafu simu ikanyamaza. Mama alikuwa anapiga kila asubuhi na kila asubuhi yule mwanamke wa kwenye simu anamwambia mteja hapatikani. Siku moja mchuuzi mmoja akaja sokoni akisema huko juu ng'ombe wanaanguka kama nzi na wachungaji wametawanyika, kila mtu na njia yake. Mama aliuliza habari ya baba. Mchuuzi akaangalia chini. Toka siku hiyo mama alipika bila kuongea. Mimi nilikuwa mdogo, na hata wakati huo sikuwa mtu wa maneno, lakini nilijua tunachongoja si ng'ombe tena.

Na akoo? Akoo aliendelea kufukiza chicho yake. Kila alasiri, baada ya kuswali, anakaa mlangoni na vijiti vyake, anatikisa, anafunua, ananusa, anatundika. Tupu. Kesho yake anaishusha tena.

Sasa majirani wakanusa. Jioni moja nikaona mama wa nyumba ya pili anakuja na kikombe, nyuma yake watoto wake, na nyuma yao watoto wa watu wengine, kila mmoja na bilauri au sufuria ndogo. Walifikiri baba amerudi kimya kimya.

"Salaam aleikum, Akoo! Yaani ng'ombe wamefika na mnajifungia?"

"Aleikum salaam. Hakuna ng'ombe aliyefika."

"Na huu moshi?"

"Wa chombo."

Yule mama alicheka kwanza, halafu akaona watoto wameshika vikombe, akakasirika kidogo. "Wewe Akoo, utamaliza kuni zote za Kinna! Unafukizia nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Akoo hakuona haya hata kidogo. Akasema, "Nimemwomba Rabbi kila siku amlete mwanangu. Akimleta leo, nimwambie angoje kwanza, chombo kinanuka?"

Akoo akamwambia mama aweke chai ya rangi, na vile vikombe vilivyokuja kwa maziwa vikajazwa chai. Walipomaliza kunywa, akoo akainua mikono akaomba kwa Kiborana, amani kwa watu, amani kwa ng'ombe, na yule jirani aliyemcheka ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama alikuwa analia, lakini baadaye alianza kuongea tena, hata akamgombeza kaka yangu, na hiyo ilinifurahisha sana.

Mimi nilibaki na swali. Nilimfuata akoo kwa zizi, palipobaki mbuzi tu, nikamnong'oneza, "Akoo, kama Mungu amesikia, mbona hajibu?"

"Baba yako akienda Isiolo kukununulia ndara, unamwuliza ziko wapi akiwa bado anatoka mlangoni?"

"Hapana."

"Unafanya nini?"

"Nangoja."

"Unaosha miguu," akasema, "ndiyo usivae ndara mpya na vumbi."

Nilicheka. Usiku huo niliosha miguu kweli, mama akashangaa.

Baba alirudi siku ya kawaida kabisa, mchana, jua kali, mimi nikichambua maharagwe. Alikuwa amekonda mpaka mbwa akambwekea. Nyuma yake ng'ombe wachache tu, mbavu nje, na mmoja ana ndama anayeyumba. Waliobaki walikufa njiani, na simu aliipoteza alipokuwa akimvuta ng'ombe matopeni, kwenye bwawa lililokuwa linakauka. Mama alikaa chini palepale. Akoo alimgusa mwanawe kichwani, akasema alhamdulillahi, kisha akaingia ndani kuchukua chicho, na haikuhitaji kufukizwa. Maziwa yalikuwa kidogo sana. Tulionja sote.

Hatukupata yote tuliyoomba. Nikiwa mdogo jambo hilo lilinisumbua, nikifikiria ng'ombe wale ambao nilijua majina yao. Sasa ninaona namna akoo alivyomtazama baba akinywa, na kwamba hakuuliza hesabu ya waliokufa mpaka alipomaliza.

Akoo alishatangulia mbele ya haki. Ng'ombe wale wachache waliuzwa tukahamia mjini, na maziwa yetu yanakuja kwa mtungi wa plastiki, hayana harufu ya chochote. Siku hizi mtu akichelewa kidogo tunampigia, asiposhika tunaudhika. Sijui kama ningeweza kungoja vile akoo alivyongoja, mikono ikifanya kazi, moyo umetulia.

Lakini kila jioni kabla ya magharibi mlango wa mabati unalia na baba anaingia, anavua viatu, anauliza chai. Mimi simwambii kitu, namletea tu. Alhamdulillahi yangu naisema kimoyomoyo, nikiwa nimempa mgongo, ninamimina.