Ulimwengu Usio na Katikati

Enzi zetu pale mtaani Bigo, vita ilipofunga shule, tulisomea uani kwetu, tumekaa juu ya madumu ya maji. Mwalimu alikuwa mjomba Anselme, aliyefundisha jiografia katika mji wa Fataki hadi vita ilipomfukuza, akakimbia na mtoto wa jirani yake, Solange. Solange na baba yake walikuwa wamepotezana njiani. Kwetu, Solange akawa analala kitanda kimoja nami.

Vitabu hatukuwa navyo, basi mjomba akatufundisha alichokipenda mwenyewe: ulimwengu. Sijakutana na somo gumu kama lile. Hesabu za kuzidisha unakariri. Lakini utakariri vipi kwamba anga lote linatanuka na wala halina katikati? Nilimuuliza katikati iko wapi, akasema haiko. Kesho yake nikauliza tena, nikidhani amesahau.

Ndipo akatuomba kamba ya kurukia, ile tuliyokata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Akaipiga mafundo, akasema tuivute. Kila fundo likasogea mbali na mengine yote, hata ukilitazama lolote utadhani ndilo katikati. Nilielewa nusu. Mama, aliyekuwa akitwanga majani ya muhogo ya sombe, alisema yeye angetaka kujua tu kama mvua itanyesha. Tukacheka, isipokuwa Solange.

"Mwalimu, kama vitu vyote vinaachana, papa yangu naye?"

Mjomba aliweka kamba chini. "Hapana, mutoto wangu. Vitu vyenye kuwa karibu vinashikana. Kama papa yako iko mbali, ni vita ilimuzuia. Haiko mbingu ilimupeleka mbali."

Mahindi yalipokuwa yanavunwa, baba yake aliingia uani, amekonda, anachechemea. Alikuwa amezunguka msituni hadi upande wa Marabo ndipo akapata njia. Solange alimshika mkono bila kulia.

"Papa, tuko mu masomo. Kaa kwanza."

Akakaa juu ya dumu, katikati yetu. Mjomba alijaribu kuendelea, kisha akaturudishia kamba yetu, akatuambia twende tukacheze.

Leo wanangu wanatazama makundi ya nyota kwenye simu, mkono mmoja uko kwenye sahani ya chipsi, na dakika mbili baadaye wameshaelewa yote. Nafurahi kwamba wana madawati na hawajui mlio wa bunduki. Ila nikiwauliza kama wana swali, wanasema hawana. Sisi tulikaa na swali moja majira mazima, na lilitutosha.