Anko Sukhdev na Vita vya Siku Nne

"Anko, kati ya India na Pakistan, nani ana jeshi lenye nguvu?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipomuuliza hivyo Anko Sukhdev, mwaka 2019, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja dukani kwake, Acocks Green, mtaa wetu huku Uingereza, mguu mmoja bila kiatu. Alinitazama juu ya miwani. "Hii soli imeisha, Najmo. Unatembea au unalima?"

Yeye ni fundi viatu, Singasinga aliyezaliwa Nakuru. Mwenzake dukani, Anko Yaqub, huchonga funguo. Ni Mpunjabi vilevile, Mwislamu, wa mtaa uleule wa Nakuru. Kutwa huongea Kipunjabi, lakini nchi hizo mbili zikitajwa tu, wanahamia Kiswahili. Walianza 1965, vita vilipowakosanisha baba zao. Wazee walitukanana kwa Kipunjabi wakanuniana miaka sita. Vijana wao wakaapa: mambo hayo tutayasema kwa lugha ya kuchezea mpira, basi.

Mei 2025 makombora yalipoanza kuruka, nilikuwa na takwimu zote kwenye simu: India ina wanajeshi kama milioni moja na laki nne, Pakistan haifiki nusu yao, na kila mmoja ana mabomu ya nyuklia zaidi ya mia moja na hamsini. Jumamosi nikakimbilia dukani kumwonyesha.

Nilipoingia, nikairudisha simu mfukoni. Anko Sukhdev hakuwa akishona. Simu yake aliiegemeza kwenye kopo la gundi, akiikodolea macho. Dada yake Amrita anaishi kijijini India, karibu kabisa na mpaka wa Pakistan. Kijiji kiliamriwa kuhama, na hii ilikuwa siku ya tatu hapatikani. Anko Yaqub alishaharibu funguo tatu.

Simu ikalia. Anko Sukhdev akashindwa kuigusa, Anko Yaqub akaipokea. Mwanamke alikuwa akifoka kwa Kipunjabi, sikuelewa neno. Niliona tu Anko Sukhdev akiketi kwenye kiti cha wateja na kuvua miwani.

"Yuko salama?" nikauliza.

"Salama kabisa!" Anko Yaqub akahamia Kiswahili. "Wamesitisha vita. Kijiji kizima kilipanda lori, nyati wa maziwa wa Amrita akagoma. Naye akasema hamwachi! Wamelala wawili zizini siku zote hizo, umeme hakuna, simu imezima."

"Askari hawakumsaidia?"

"Wanne walimsukuma huyo nyati! Hakusogea." Alicheka huku akifuta machozi. "Jeshi lako hilo, Singasinga!"

"Lako lingeweza?"

"Langu lingemkamua kwanza."

Anko Sukhdev alicheka mpaka akakohoa. Kisha akavaa miwani, akanigeukia.

"Najmo, uliwahi kuniuliza nani ana nguvu. Sasa andika: nyati wa Amrita."