Wifi Aliyemfungia Lango Bwana Harusi

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ana mdomo mdogo kama tundu la kifungo, lakini neno "sitaki" hupita humo bila hata kuinama. Mtaa mzima unamwita Komeo, na jina hilo analipenda. Ukimwita lile alilopewa na mama yake, anageuka kuangalia nyuma kama kuna mtu mwingine.

Komeo anafuga nguruwe nyuma ya nyumba, ukishapita jiko na kamba ya kuanikia nguo. Zamani banda lilijaa. Halafu homa ya mapafu ikaingia. Sijui kama umewahi kumsikia nguruwe akikohoa. Wale wa Komeo walipokohoa, bati la jikoni kwangu lilinyanyuka na kurudi, na kuku wangu waliacha kutaga, wanasikiliza. Lakini kicheko kiliisha walipoanza kuketi kitako kama mbwa, midomo wazi, wakivuta pumzi kwa tumbo, povu lenye damu puani. Walikufa wakiwa wanene. Daktari wa mifugo alimpasua mmoja pale uani, akamwonyesha Komeo mapafu: magumu, mekundu ya kuiva, utadhani ini. Akamwambia ugonjwa huu hupita pua kwa pua, kwa pumzi tu, na nguruwe aliyepona anaweza kuendelea kuubeba huku ananenepa na kukutazama machoni.

Alibaki jike mmoja tu, aliyekuwa amefungiwa peke yake upande wa pili wa nyumba kwa sababu ya ugomvi wake. Kwa huyo Komeo alianza upya. Alijenga ukuta wa matofali, akaweka lango la mbao nene, na ndoo ya maji ya dawa pembeni. Kiatu cha nje hakikuvuka. Mdogo wangu, fundi cherehani, mtu laini kama pamba, alikuwa na viatu vya barabarani, viatu vya nyumbani na viatu vya bandani. Nusu ya maisha yake imekwisha akiwa ameinama anafungua kamba.

Tatizo lilikuwa Bwana Harusi. Huyo ni dume wa kaka yetu mkubwa, dume pekee mtaani. Akipita, jua husubiri upande wa pili wa nyumba mpaka amalize. Jike wako akiingia kwenye joto, kaka alimswaga dume mpaka bandani kwako, na ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba yetu. Bwana Harusi naye alikohoa msimu ule wa msiba, akapona, akaendelea na ndoa zake.

Basi jike wa Komeo akaingia kwenye joto. Asubuhi kaka akafika na dume, na fimbo, na nusu ya mtaa nyuma yake.

"Shemeji, fungua! Mkwe amefika!"

"Mkwe arudi kwao." Komeo alikuwa amepanda juu ya kreti nyuma ya lango, kinaonekana kichwa tu.

"Huyu amepona! Mtazame anavyong'aa."

"Namtazama. Sijasema ana sura mbaya. Nimesema haingii."

"Tangu lini wewe ukaichagulia familia dume?"

"Tangu nilipowafukia wangu, na wewe uko kwako unakula."

Watu wakaguna. Kaka akanigeukia. "Dada, sema na wifi yako."

Mimi ugomvi naupenda kuliko chai, nikasogea. "Wifi, mwenzio analia humo ndani. Mwonee huruma."

"Wifi," akasema, "kama mume ni wewe unayemtaka, kamba yake hiyo hapo. Nenda naye."

Walinicheka hadi waliokuwa wamelala wakaamka kuja kunicheka.

Kaka akampigia kelele mdogo wetu. "Wewe si ndiye mwenye nyumba? Lete ufunguo!" Mdogo wangu akamtazama mkewe, akamtazama kaka, akatia mkono mfukoni, kisha mdomoni, akameza. Wapo wanaosema alimeza peremende. Mimi nilikuwa jirani na shingo yake, na nakwambia ni ufunguo. Mpaka leo akicheka unasikia kitu kinagonga.

Bwana Harusi akachoshwa na mazungumzo. Akamponyoka kaka, akaliparamia lango. Mbao zikalia. Komeo hakushuka. Alichota maji ya dawa kwa kopo, akammwagia usoni, akachota tena. Dume akageuka, akakimbia mbio za kichaa hadi mwisho wa mtaa, akasimama, na kikohozi kikamshika: kikavu, kirefu, kichwa chini, mgongo umepinda.

Watu wote wakamgeukia kaka.

"Vumbi hilo," kaka akasema.

"Basi akavumbike kwako."

Hakufungua. Joto likapita, jike akanyamaza, na kaka akaapa kutomsalimia Komeo tena. Ukoo ukagawanyika, mimi sikuitwa upande wowote, jambo lililoniuma sana. Wakasema jike wa Komeo atazeeka mseja. Komeo akasonya. Jike alipoingia kwenye joto tena, alimwita daktari wa mifugo, akaja na mbegu ndani ya chupa na mrija mrefu. Watu walipanda ukutani kutazama harusi isiyo na bwana. Hata mimi nilipanda, na umri huu. Kushuka ndiko kulikohitaji wanaume.

Watoto walizaliwa wamejaa banda. Komeo akawa anakwenda kuwasikiliza, sikio kwenye ubao. Makelele, kusukumana, kunyang'anyana ziwa, lakini kikohozi hakuna. Wakaachishwa kunyonya, na bado hakuna.

Hapo kaka akaja. Hakuja kuomba radhi. Ukoo wetu hauna mtindo huo. Alisimama nje ya lango, akanyoosha shingo, akawatazama wanavyobingirishana kwenye majani makavu. Akatafuta kasoro, nilimwona anatafuta, macho yanatoka kwa huyu yanakwenda kwa yule.

"Hao watoto hawana baba!" akasema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Wana mapafu, shemeji," Komeo akajibu, akaendelea kumimina pumba.