Nusu ya Kidonge

Mwaka niliofiwa na mume wangu, baridi iliniingia mwilini na haikutoka. Migwani ni mahali pa jua, lakini nilikwenda shambani nimevaa sweta yake nzito, ile aliyokuwa akivaa kazini usiku, Makindu. Watu walidhani naivaa kwa kumkumbuka. Mimi nilikuwa nikisikia baridi. Labda ni yote mawili. Hata leo sijui.

Tulikuwa na mwethya, kundi la wanawake wa kuchimba matuta, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Asiyechimba kwa wenzake hachimbiwi. Mikono yangu ilikuwa mizito, uso umevimba, sauti imekuwa nene kama ya mwanamume.

"Sweta na jua hili?" mmoja akasema. "Huyu analalia mayai."

"Mwacheni. Hata kuku hushuka siku moja akala."

Walicheka, nami nikacheka. Kisha nikakaa kwenye tuta, nikashindwa kuinuka. Tangu siku hiyo walipita kwangu bila kuniita. Niliogopa. Shamba letu liko kwenye mteremko, na mvua ikilikuta bila matuta, udongo wote huenda mtoni.

Hospitalini walinitoa damu, wakaipeleka Nairobi. Majibu yaliporudi, daktari alisema kuna tezi shingoni mwangu iliyolegea, ndiyo maana mwili umepoa. Akanipa vidonge vidogo, kimoja kila asubuhi, pengine maisha yangu yote. Nilifurahi kwamba ni ugonjwa. Halafu nikaona aibu, kana kwamba nimemwambia marehemu kuwa si yeye niliyekuwa nikimlilia.

Nyumbani nilikaa na mama mkwe. Nilimwita mwaitu, yaani mama, kama mwanawe alivyomwita. Alikuwa na uvimbe shingoni tangu usichana, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nilipomweleza kwamba dawa ni ya shingo, aliitazama yangu, nyembamba, haina kitu.

"Basi mgonjwa hapa ni nani?" akauliza.

Katika boma lile hakuna aliyekula kitu peke yake. Hata dawa ya kichwa mume wangu aliivunja, nusu yake, nusu ya mama yake. Basi kila asubuhi nilikata kidonge kwa kisu cha kukatia nyuzi za kusukia vyondo, tukameza kila mtu nusu yake, na uji.

Miezi ikapita, nami niko vile vile. Daktari akauliza, "Unameza kila siku?"

"Ndiyo, daktari."

Haikuwa uongo. Wala haikuwa kweli. Akaniongezea dawa, nasi tukagawana hiyo nyongeza pia.

Ndipo vidole vya mwaitu vikaanza kutetemeka. Asubuhi moja alichukua mkono wangu, akauweka kifuani pake. Moyo ulikuwa ukidunda kama wa kuku aliyeshikwa.

"Mwanangu," akasema, "dawa yako inanikimbiza, na sina pa kwenda."

Nilimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, nikasema yote. Aliweka kalamu chini.

"Mama, ungeniulia mtu."

"Usimkemee peke yake," mwaitu akamwambia. "Mdomo uliomeza ni wangu."

Daktari alinirudishia kidonge kimoja kwa siku, na baada ya hapo nilimeza dawa yangu yote peke yangu, nikijiona mchoyo. Moyo wa mwaitu ulitulia. Uso wangu ukapungua, sauti ikarudi. Nikangoja na nguvu zirudi. Damu ilipopimwa tena, daktari alitabasamu. "Sasa iko sawa."

"Lakini bado nimechoka, daktari. Na baridi bado iko."

Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani naye hakujua.

Mvua ilipokaribia nilikwenda kwa wale wanawake bila kuitwa. Nikawaambia, "Mimi naumwa. Natibiwa, na bado naumwa. Sijui kama ni shingo au ni kufiwa. Nitachimba nusu ya mnachochimba ninyi."

Yule wa mayai akasema, "Basi na kwako tutachimba nusu."

Nilidhani ni mzaha, lakini walikuja, wakachimba nusu ya juu, wakaosha majembe yao, wakaenda zao. Mvua iliponyesha, nusu hiyo ilisimama. Ya chini ilikwenda na maji. Nilisimama mlangoni nikiangalia, nimevaa sweta, na sikuweza kusema kama nimepona nusu au ninaumwa nusu.

Asubuhi iliyofuata nilimeza kidonge changu. Mwaitu aliniangalia kutoka jikoni.

"Leo je?"

"Sijui, mwaitu."

"Haya. Njoo unywe uji."