Nguzo Iliyokosa Vanishi

Mama mmoja wa Kondoa, mfanyabiashara wa vitenge hapa Tunduma, aliniita nimchoree kibanda cha kupumzikia juu ya nyumba yake. Alitaka kukaa na wageni wake mahali penye hewa, mbali na honi za malori. Paa lake la zege halikujengwa kubeba ghorofa nyingine, kwa hiyo nikachora kitu chepesi: nguzo sita za paina, bati jembamba juu, pande zote wazi ili upepo upite.

Mbao alileta fundi seremala, mzee wa Kinyiha kutoka Mbozi. Zilikuwa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu, bado zina ukijani wa dawa hiyo. Kila nguzo tuliisimamisha juu ya kiatu cha chuma ili isikae kwenye maji.

"Sasa tuziache," fundi akasema. "Zitajipatia rangi zenyewe."

Mimi nilitaka zing'ae. Kuna mteja mwingine nilikuwa nimeshamwahidi picha. Nikapaka vanishi kwa mkono wangu, ikaniishia kwenye nguzo ya tano. Ya sita ilikuwa nyuma ya tangi la maji. Nikaona haina haja.

Baada ya misimu miwili ya mvua, mama akanipigia simu.

"Mwanangu, njoo uone nguzo zako zinavyojivua ngozi."

Nilipanda ngazi na fundi nyuma yangu, maneno ya kujitetea nimeshayapanga. Vanishi ilikuwa imetoa malengelenge, na chini yake mbao zimeingia madoa meusi. Mama hakugomba. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya tangi. Nguzo ya sita ilikuwa na rangi ya majivu, laini, haina doa.

"Hii ndiyo ninayoegemea kila siku," akasema. "Kwa nini nyingine hukuzifanya hivi?"

Nikamtazama fundi. Alikuwa anaangalia malori kwa makini sana.

"Hii sikuifanya kitu, mama," nikakiri. "Vanishi iliniishia."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku tatu tulikwangua na kupiga msasa, na kila mchana alitupandishia pilau. Mvua za mwaka uliofuata zikazilinganisha nguzo zote. Mteja wake kutoka Nakonde alipopanda, aliuliza mbao za kijivu namna ile zinauzwa wapi. Fundi akamwambia kwa upole kwamba zinauzwa popote, ila lazima uzisubiri.

Siku hizi nimepanga vipande vya mbao juu ya ukuta wa uani kwangu: paina, mkaratusi, mninga. Jumapili nikitoka kanisani navipitia kimoja kimoja, kuona mvua na jua vimevipa rangi gani. Mume wangu ameshaniuliza mara mbili kama ni kuni.