Filamu Isiyo na Shefu Bandi

Mimi ni mtu wa barabara. Nimepakia na kupakua malori kutoka Mahagi hadi Kisangani, nimelala Komanda, Mambasa na sehemu nyingine ambazo majina yake yameshanitoka. Mtu anayeishi hivyo hukosa vitu vidogo: kusikia chungu kikitokota kwa utulivu, kumwona mtu akikunja nguo bila haraka. Nafikiri ndiyo sababu ninapenda filamu ambazo wenzangu huziita za kulala usingizi.

Ya kwanza niliiona Kisangani, katika jumba nililoingia kwa kukimbia mvua. Kijana mmoja alikuwa akionyesha filamu aliyoipiga mwenyewe kwa kamera ndogo. Ndani yake mna mama mzee, katika kijiji cha upande wa magharibi, anayengojea mtoto wake aliyesema atakuja. Hakuna zaidi. Mama anafagia, anapika, anatazama njia. Nilikaa pale nguo zikanikaukia mwilini. Katika filamu za bunduki watu wanakula na kunywa, lakini sijaona hata mmoja akiosha sahani. Mama huyu aliosha sahani, nami nikamwangalia mpaka ya mwisho. Nilipomshukuru yule kijana, alinitilia filamu yake kwenye flashi, na tangu siku hiyo nikawa natembea nayo mfukoni.

Niliporudi Bunia safari hii, nilimkuta mama yetu kwa dada yangu, mtaa wa Nyakasanza. Alikuwa amefika kutoka kijijini kwetu Djugu pamoja na wengine waliokimbia vita. Mwili wake ulikuwa mzima, lakini maneno yalikuwa yamekwisha. Ukimsalimia aliitika, ukimpa chakula alishukuru, kisha alirudi chumbani. Habari ya nyumbani hakuitaja hata kidogo. Dada alinivuta pembeni ya ua.

"Weye unajua kutembea," aliniambia. "Mutoe mama mu ile chumba hata siku moja. Jumamosi unaenda tena, na miye naogopa. Mutu akinyamaza hivi, anaisha polepole."

Nami niliogopa. Kupanda lori nikimwacha vile kulinishinda hata kuwaza.

Basi nilimwendea mwenye chumba cha video cha karibu, nikamwomba mchana mmoja ambao hapana mpira. Alikubali shingo upande. Kisha nikaenda kwa mama.

"Mama, twende tuangalie filme."

"Iko na bunduki?"

"Hapana. Ni mama moja tu, iko kwake, anangojea mutoto."

"Na mutoto anakuja?"

"Twende utaona."

Akatafuta kitambaa chake cha kichwa.

Sasa, kwetu filamu haionyeshwi hivi hivi. Pembeni ya ukuta hukaa msemaji na mikro yake, yaani kipaza sauti. Yeye ndiye hugeuza lugha za wageni kuwa Kiswahili, na pasipo na maneno huyatunga. Kazi yake ya kwanza ni kuwaambia watu nani ni akteri, yaani yule shujaa asiyekufa, na nani ni shefu bandi, mkubwa wa wabaya. Bila hao wawili vijana hawatulii.

Filamu ikaanza. Mama mzee akatoka mlangoni na ufagio. Msemaji alingoja aseme kitu, hakusema. Akangoja tena.

"Ongea, papa," kijana mmoja akapiga kelele. "Ama mikro imekufa?"

"Akteri njo huyu mama," msemaji akaanza kwa sauti nzito. "Ni komando wa zamani. Shefu bandi ni mutoto wake, iko njiani na jeshi. Angalia, mama anatega bomu hapa mbele ya mulango."

"Bomu ya ufagio," mwingine akasema, na chumba chote kikacheka.

Niliona haya. Nilitaka kusimama niombe radhi, nimrudishe mama nyumbani. Ndipo nikamsikia kando yangu, si kwa nguvu, lakini msemaji alikuwa amenyamaza kuvuta pumzi na kila mtu akasikia.

"Hapana. Anafagia tu."

"Mama, weye unaijua hii filme?" msemaji akauliza.

"Siijui. Lakini angalia, pale alishafagia. Anarudilia. Mutu mwenye kungojea mugeni, mikono yake inakataa kukaa."

Watu wakatazama. Kweli, yule mama alikuwa akifagia mahali palepale. Akaingia ndani, akafunika chakula kwa sahani, akafunua, akafunika tena.

"Na sasa, mama?" kijana wa bomu la ufagio akauliza.

"Chakula kinapoa. Anafikiri: nikiwasha moto tena, kitaungua, na kama nikiacha, mutoto atakula baridi."

Msemaji alishusha mikro magotini. Hakukasirika. Nilimwona akijisogeza mbele kwenye kiti chake kama mteja. Vijana watatu walitoka wakinung'unika kwamba wametapeliwa, waliobaki wakaendelea kumwuliza mama, naye akajibu, mpaka mmoja alipouliza kama mtoto atafika, akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Hata yeye hajui."

Katika filamu mtoto hafiki. Jioni mama yule anakula kidogo, anamwekea kilichobaki, na picha inakwisha mlango ukiwa wazi.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa na hofu kwamba nimemwumiza. Karibu na soko akasema, kama anayeendelea na maongezi ya zamani, "Siye mulango yetu ilikuwa inalia. Baba yenu alisema ataipaka mafuta, hakuipaka."

Nilipunguza hatua. Akasema juu ya jiko lake, juu ya kuku aliyetagia ndani ya kikapu cha maharagi, juu ya jirani aliyekuwa akiimba vibaya asubuhi na ambaye sasa yuko katika kambi ya wakimbizi. Alilia kidogo kwa ajili ya huyo jirani, akajifuta, akaendelea. Tulipofika, dada alikuwa anafua. Aliposikia sauti ile uani aliacha mikono ndani ya maji, hakuitoa.

Jumamosi nilipanda lori. Mtengenezaji wa filamu ile simjui hata jina vizuri, na sina njia ya kumwambia alichotupa, lakini barabara nzima nilikuwa nikimshukuru. Komanda simu ikalia. Ni dada.

"Mama yako sasa hanyamazi," akasema. "Tangu asubuhi anahadisia ndoa ya shangazi, redio nimeizima. Weye ulimufungua, rudi umusikilize."

Nyuma yake nilisikia mama akimsahihisha mtu kuhusu mbuzi wa mahari. Nilimwomba dada asikate, aiweke tu simu pale mezani.