Binti wa Mlinzi wa Minandi

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ghuba ya Paracas, Nélida Huasasquiche aliwapakia watalii kwenye boti, akawavisha maboya ya kujiokolea, akawapa onyo lile lile: tukifika visiwani hakuna kupiga kelele, hakuna kupiga makofi, hakuna kusimama. Watalii waliitikia kwa kichwa kama watoto wa shule. Kisha wa kwanza kumwona simba-bahari alipiga ukelele wa kuamsha wafu. Mtu akishalipa nauli hujiona amenunua na bahari yenyewe.

Kitu ambacho hakuwaambia ni kwamba yule mtu wa koti la kahawia, aliyesimama mlangoni mwa kibanda juu ya jabali la kisiwa kimoja, alikuwa baba yake mzazi. Aliwahi kusema mara moja tu, alipokuwa mgeni kazini. Boti nzima ikapaza sauti kumsalimu mzee. Minandi, wale ndege weusi wa baharini, wakaruka kutoka viotani kwa mpigo, na shakwe, wale wezi wasiolala, wakashuka kwenye mayai. Mzee Fortunato hakumsemesha bintiye hadi alipokuja likizo, na alipofungua mdomo alisema tu, "Umenimalizia mayai yangu." Tangu hapo Nélida alipopita pale aliteremsha sauti na kusema, "Pale anaishi mlinzi wa ndege," basi. Mzee naye alivua kofia polepole, akaivaa tena. Ndivyo walivyoonana baba na mwana, karibu kila siku, bila neno hata moja.

Kazi ya mlinzi wa visiwa vya mbolea ni kuwafanya ndege wamsahau. Mavi yao ndiyo mbolea, ndiyo mali. Wachimbaji huja baada ya miaka kadhaa, wakakwangua, wakajaza magunia, wakaondoka. Kabla ya hapo mlinzi hukaa peke yake na jabali linalonuka. Hakimbii, havai nguo ya rangi kali, na kikohozi kikimbana huingia ndani kukohoa. Fortunato alikuwa ameizoea hali hiyo hata akapitiliza. Akiwa likizo nyumbani kwake San Andrés alitembea kwa kunyata na kufunga milango kama mtu anayeiba. Mkewe, Zoraida, alimcheka mbele ya majirani.

"Weka mguu chini, Fortunato! Hapa hakuna anayeatamia!"

Nélida naye alikuwa akicheka, mpaka mama yake alipofariki. Ulikuwa msimu wa mayai. Ofisi ya walinzi ilitaka kupeleka boti kumchukua mzee, mzee akakataa kwenye redio: boti ikija mchana ule itafukuza ndege, yeye atasubiri boti ya zamu, ile inayobadilisha walinzi. Alipofika San Andrés kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Nélida alimpikia, akamfulia, akamtandikia kitanda, lakini hakumsamehe.

Sasa ulikuwa msimu wa mayai tena, na asubuhi moja mlango wa kibanda ulikuwa wazi bila mtu.

"Mzee kalala leo," alinong'ona Chumpitaz, nahodha wa boti, mtu wa makamo ambaye tumbo lake hufika gatini kabla yake.

"Baba? Saa hizi? Thubutu."

"Basi yuko chooni. Hata watakatifu huenda chooni."

"Na redio ya jana jioni?"

"Ofisini wanasema kimya. Sola ya redio imejaa mavi ya ndege, na unamjua baba yako, msimu huu hapandi kwenye paa hata umpe dhahabu." Chumpitaz alikuna kidevu. "Angekuwa na shida si angepiga filimbi? Ile filimbi yake inatoboa masikio. Lakini sema neno, Neli. Nasogea pale kwenye ngazi, unapanda unamwona. Watu wa hifadhi wanakataza kushuka, lakini hao niachie mimi."

Nélida aliinua macho. Minandi walikuwa wamebanana kuanzia ukingo wa jabali hadi kizingitini, na chini ya matumbo yao makinda walikuwa bado uchi. Kupanda pale ni kupita katikati yao. Alijua baba yake angesema nini. Na tusifichane, alilikumbuka pia kaburi la mama yake, na moyo wake ukasema: na wewe subiri boti ya zamu.

"Twende," alimwambia Chumpitaz. Kisha akawageukia watalii kwa ile sauti yake ya chini, ambayo asubuhi shwari kama ile hufika hadi jabalini. "Pale anaishi mlinzi wa ndege."

Mchana aliwapeleka watu wale wale jangwani, ndani ya hifadhi. Nchi ile haina hata jani. Ni mchanga wa manjano hadi ukingoni, halafu ufuo mwekundu, halafu bahari. Hapo ndipo upepo ulipoanza, huo upepo ambao wenyeji huuita kwa jina la mahali penyewe, paraca. Unakuja na mchanga na haubishi hodi. Watalii walijifunika nyuso, wakachekana, wakapigana picha. Nélida alisimama kwenye genge akitazama upande wa visiwa. Hakuona kisiwa wala bahari.

"Mbona unalia, dada?" aliuliza mama mmoja wa Lima.

"Mchanga, mama. Umeniingia machoni."

Jioni bandari ilifungwa. Kesho yake haikufunguliwa, na siku iliyofuata pia boti zililala kwenye kamba. Nélida alikwenda gatini, akarudi, akaenda tena. Kumwomba mtu aingie baharini katika upepo ule ilikuwa sawa na kumwomba ajiue, naye alimwomba kila nahodha aliyemwona. Upepo ulipolegea alfajiri iliyofuata, Chumpitaz alifungua kamba bila kungoja ruhusa ya mtu.

Boti iligonga ngazi ya chuma. Nélida alipanda, akakimbia, yeye aliyefundishwa kunyata tangu utotoni. Minandi waliruka wote, mbingu ikawa nyeusi, na shakwe wakashuka nyuma yake. Hakugeuka kuwatazama.

Mzee alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, mguu mmoja umepinda vibaya, midomo imepasuka kwa kiu. Filimbi ilikuwa kifuani.

"Baba! Kwa nini hukupiga filimbi?"

"Makinda," alisema mzee. "Hawajaota manyoya."

"Mzee, wewe mjinga kuliko hao ndege wako," alisema Chumpitaz, na machozi yalikuwa yakimchuruzika mpaka shingoni.

Walimfunga kwenye blanketi, wakamteremsha. Ndani ya boti Nélida alimlaza kichwa mapajani, akawa anamdondoshea maji midomoni. Mzee alifumbua macho.

"Wamebaki?"

"Wamebaki, baba. Hakuna aliyeruka."

Kelele za mabawa juu yao zilikuwa nyingi hata ilibidi ainame sikioni mwake ndipo uongo huo usikike. Mzee alipojaribu tena kusema, sauti ilikuwa imekwisha karibu yote.

"Siku ile nilikusikia ukipita. Unawaambia wageni, pale anaishi mlinzi wa ndege." Alipumzika. "Nikasema, huyu sasa atapanda, ataniharibia. Hukupanda. Ulinyamaza vizuri, mwanangu."

Baba yake alikuwa hajawahi kumsifu maishani, hata siku moja. Nélida alitaka kumwambia kwamba hakunyamaza kwa ajili ya ndege, alinyamaza kwa hasira. Badala yake alimdondoshea tena maji midomoni. Mzee Fortunato alikata roho kabla boti haijaingia ghubani, uso wake umetulia, akiamini kwamba amelea mlinzi mwenzake.